Vyeti vya Tabia Njema Katika Daftari la Mlangoni

Leo ni Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi, na ni miaka minne na miezi saba tangu nitoke kwetu Oras, kisiwani Samar, nikiwa na begi moja na sanduku la vifaa. Nalitaja hilo mapema ili mjue kwamba anayesema nanyi ni mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kuyazungusha maneno.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Dakta Villaflor, Mheshimiwa Diwani, uliyetukatia utepe, Padre Anselmo, uliyetunyunyizia baraka za maji ya baridi kweli kweli, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Nidhamu, ndugu wageni waalikwa, walimu, wanafunzi mlioambiwa kuwa asiyehudhuria atapunguziwa alama, nanyi mafundi wenzangu mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, ingawa viti hivyo ni ninyi mliovipanga tangu alfajiri: nawasalimu nyote, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo nampa salamu mbili.

Naitwa Estanislao Cabujat, lakini hapa chuoni kila mtu ananiita Tanis. Shule niliishia darasa la tano. Mimi ni seremala, na ndiye niliyewaongoza mafundi tisa walioijenga ofisi hii tunayoifungua, ofisi ya kuwasaidia wanafunzi waliobakwa, waliopigwa na wapenzi wao, waliotishwa, walioshikwashikwa. Najua Mheshimiwa Diwani, katika hotuba yako nzuri, uliiita "ofisi ya mambo yale." Mambo yale yana majina. Ndiyo hayo niliyoyataja.

Katika programu nimeandikiwa dakika tatu, "Neno la Shukrani la Wafanyakazi," na ofisi ya Mkuu ikanitayarishia karatasi ya kusoma ili nisihangaike. Naisoma: "Sisi wafanyakazi tunaushukuru uongozi kwa fursa hii adhimu." Nimeisoma. Imeisha. Dakika zilizobaki ni zangu.

Ndugu zangu, hii ni mara ya tatu mikono hii kuijenga ofisi hii. Mwaka wangu wa kwanza hapa tuliijenga chini kabisa, karibu na jenereta, mahali ambapo ukitaka kusema siri lazima upige kelele. Mwaka wa tatu tukaihamishia kando ya mkahawa, benchi lake likitazamana na watu wanaokula. Sasa tumeileta hapa. Mara zote tatu utepe umekatwa, mara zote tatu turubai lenye picha za viongozi limetundikwa, na mara zote tatu pancit, tambi zetu za sherehe, imeliwa. Turubai la leo lina nyuso saba. Namba ya simu ya msaada imo pia, iko chini kabisa, nyuma ya chungu cha maua. Nilitaka kukisogeza chungu hicho asubuhi, nikaambiwa, "Tanis, usiguse, ndiyo mapambo."

Nilikuwa nimekwisha kujisemea, basi, Tanis, nyamaza, chukua malipo yako ya mwisho uende nyumbani. Lakini jana jioni, rangi ya ukuta haijakauka, niliwaona vijana wawili wanapita na meza. Meza ile ile ya zamani, yenye mguu mmoja niliouwekea kabari. Wakaiweka mlangoni pa ofisi mpya. Juu ya meza wakaweka daftari.

Nani hapa hajui daftari la mlangoni? Katika nchi yetu hii hata ukienda kumwona marehemu utaandika jina lako, saa uliyoingia na sababu ya kuja. Chuo hiki nacho ni hivyo hivyo. Kila mlango una mlinzi, kila mlinzi ana daftari, kila daftari lina safu nne: jina, kozi, saa, sababu. Mlinzi wa mlango wa ofisi hii ni Rogel, huyu hapa, tunalala chumba kimoja kule kambini kwa wafanyakazi na ni mtu mwema. Rogel, usiinamishe kichwa, sijafika kwako bado. Siku moja nilimwuliza:

"Rogel, lazima kila mtu aandike sababu?"

"Lazima, Kaka Tanis. Hata Padre anaandika."

"Padre aliandika nini?"

"Kubariki."

"Na mimi?"

"Wewe umeandika 'dari' siku kumi na mbili mfululizo. Watu wa ukaguzi watadhani tuna dari kumi na mbili."

Mnacheka. Mimi pia nilicheka. Sasa nisikilizeni.

Asubuhi ya leo Mheshimiwa Mkuu ametusomea taarifa kwamba kwa mwaka mzima ofisi hii imepokea malalamiko mawili tu, na ukumbi ukapiga makofi. Nilikuwa nimesimama pale karibu na spika na sikupiga. Si kwa kukosa adabu, Mheshimiwa. Ni kwa sababu daftari lile nimelisoma. Sikulisoma kwa kuiba, bali kila asubuhi nilipoandika jina langu nilikuta ukurasa umefunguliwa mbele yangu, kama unavyokuwa umefunguliwa mbele ya yeyote mwenye kalamu. Na nilichokiona ni hiki: wasichana walikuwa wanaandika, tena na tena, "cheti cha tabia njema."

Wanafunzi mnakijua cheti hicho, maana hutolewa na ofisi hiyo hiyo. Unakichukua mara moja, ukimaliza masomo, unakwenda nacho kutafuta kazi. Sasa nambieni, ninyi wasomi wenye shahada tatu tatu: msichana wa mwaka wa pili anataka vyeti vya tabia njema sita kwa mwezi mmoja, anavipeleka wapi? Ana tabia njema kiasi gani? Fundi wa darasa la tano aliliona jambo hili akiwa kwenye ngazi. Ilikuwaje waliolikagua daftari kila mwisho wa mwezi, wakapiga mhuri na kutia saini, wasilione?

Mmoja wa wasichana hao ndiye aliyenifanya nisimame hapa. Jina lake silitaji, wala kozi, wala bweni, na idadi na siku nimezibadilisha. Jana nilimtumia ujumbe kuomba ruhusa, naye akanijibu, "Waambie kuhusu daftari. Jina langu liache." Kwa hiyo nitawaambia kuhusu daftari. Na wewe uliyeanza kugeuza shingo kutafuta ni nani, tazama mbele.

Nilikuwa juu ya ngazi, kwenye korido ya ofisi ile ya mkahawani, nabadilisha mbao za dari zilizoliwa na maji. Mtu aliye juu ya ngazi haonekani. Watu hupita chini yake wakasema mambo ambayo wasingeyasema mbele ya paka. Msichana akaja. Rogel akamwambia kwa upole, "Jina, kozi, saa, sababu." Akaandika jina. Akaandika kozi. Akaandika saa. Halafu kalamu ikasimama. Nyuma yake walikuwapo vijana wawili wenye jezi za mpira wa kikapu. Mmoja akasema, "Dada, si mtihani huo, sisi tuna mechi." Akaandika cheti cha tabia njema, akaingia.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kwa sababu feni ilikuwa imeharibika tangu Juni. Nikamsikia Bi. Perpetua, karani wetu:

"Cheti? Uko mwaka gani?"

"Wa pili, Mama."

"Vyeti ni kwa wanaomaliza, mwanangu. Rudi ukimaliza."

Akatoka. Baada ya siku mbili akarudi, akaandika vile vile, akaambiwa vile vile. Mara ya tatu hakuingia, aliketi kwenye benchi akaangalia watu wakila, akaondoka. Mara ya sita, sijui alipata wapi nguvu, nilimsikia akisema, "Mama, sikuja kwa cheti."

"Basi umekuja kwa nini?"

"Kuna mtu."

"Mtu gani? Mpenzi wako?"

"Tuliachana. Yeye hajaacha. Mama, naweza kufunga mlango?"

"Ukifunga tutakufa kwa joto. Sema tu, mwanangu, hapa hakuna mtu."

Hakuna mtu. Nilikuwapo mimi juu, Rogel mlangoni, na watu wanne kwenye benchi. Msichana akashusha sauti, sikusikia alichosema, na nashukuru sikusikia. Nilichosikia ni jibu:

"Ah, haya ni mambo ya wapenzi. Sote tumepita huko. Nitamwandikia aje kesho, niwakalishe hapa, mpeane mikono, kila mtu aendelee na masomo yake. Usiharibu maisha ya mtoto wa watu kwa hasira ya siku moja."

Bi. Perpetua, uko safu ya pili, na sikusemi kwa chuki. Ulifanya kile ambacho sote tumelelewa kukifanya. Kwetu Samar pia, ugomvi humalizwa kwa kukalishana, kupeana mkono na kula pamoja. Nimeona majirani waliogombea mpaka wa shamba wakapatana juu ya jogoo mmoja. Lakini aliyebakwa hakugombana na mtu. Aliyepigwa hakugombana na mtu. Amefanyiwa. Unampatanisha na nini? Unamwambia aushike mkono gani? Si ndio mkono ule ule?

Siku ya pili kijana akaja, maana alikuwa ameandikiwa barua na ofisi yenyewe. Msichana alikuwa amefika kabla yake. Kijana akachukua kalamu ili aandike jina lake, na jina lake, ndugu zangu, lilikuwa chini ya la msichana, mstari kwa mstari. Akasoma. Akapandisha kidole kwenye ukurasa, akarudi nyuma ukurasa mwingine. Kisha akacheka, akamgeukia msichana pale kwenye benchi.

"Tabia njema? Mara sita? Wewe?" Akainama karibu yake. "Kumbe ndiko ulikokuwa unapotelea. Sasa saa zako nazijua."

Wakati huo mimi nilikuwa na skrubu nne mdomoni. Seremala yeyote anafahamu, mikono ikishika ubao, skrubu hukaa mdomoni. Usiku wa siku ile niliwaambia wenzangu nilishindwa kusema kwa sababu ya skrubu. Huo ni uongo. Skrubu unazitema kwa sekunde moja. Mimi nilizishikilia. Niliwaza mkataba wangu, niliwaza kwamba kibarua anayeingilia mambo ya wanafunzi hufukuzwa kabla ya chakula cha mchana, nikaendelea kushikilia ubao wangu kana kwamba dari lote la chuo lingeanguka. Leo nazitema, mbele yenu nyote. Nimechelewa, lakini ndizo hizi.

Aliyefanya kitu siku ile si mlinzi, si karani, wala si fundi. Ni Dada Ludivina. Wengi wenu hamjui jina lake, mnamwita "wa kudeki." Alikuja na ndoo yake, akaisukuma moja kwa moja kati ya yule kijana na benchi, maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake vyeupe.

"We mama, huoni?" kijana akafoka.

"Naona, baba. Sakafu imelowa. Utateleza, halafu mama yako aje kunidai mtoto. Pita kule." Kisha akamgeukia msichana kama anayemgombeza mtoto wa dadake: "Na wewe umekaa tu! Njoo unishikie ndoo, mgongo unaniuma."

Akampeleka kwenye chumba cha mifagio, akafunga mlango. Mheshimiwa Mkuu, ofisi yako ya msaada, ile ya kweli, kwa miaka mitatu ilikuwa kwenye chumba cha mifagio. Haina daftari. Ina kiti kimoja, ndoo moja iliyogeuzwa kuwa kiti cha pili, na kipande cha boksi ukutani chenye namba za simu kwa kalamu nene.

Je, Ludivina alijifunza wapi? Nitawaambia, na samahani kwa watakaoona haya. Miaka mitatu iliyopita walikuja wataalamu kuwafundisha wakuu wa idara, siku tatu nzima, namna ya kumpokea mwanafunzi aliyefanyiwa ukatili. Wakuu wa idara walikuwa na shughuli. Viti vikawa vitupu, na picha ilikuwa lazima ipigwe. Basi wafagizi na watunza bustani wakatumwa wakajaze viti. Wengine walisinzia, siwalaumu, walikuwa wameamka saa kumi. Ludivina hakusinzia. Alikaa kwenye kiti cha mkuu wa idara mmoja ambaye yumo humu leo, akaweka saini mahali pake, akala chakula chake, na akayashika yote. Katika chuo hiki aliyefundishwa kazi hii na akaielewa ni mmoja, naye anashika tambara.

Msichana mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye alivyoambiwa mle ndani, na ameniruhusu nirudie. Wanafunzi, sikieni vizuri, maana hili ndilo lililostahili kuandikwa kwenye turubai pale zilipo nyuso saba.

Ludivina alimwambia, "Kwanza nakuamini. Pili, leo huna haja ya kuamua chochote. Umekula?"

"Sijala."

"Kula huu mkate. Sasa. Ukitaka hospitali, twende, watakutazama na kukutibu na kuhifadhi alama za ushahidi mwilini, hata kama hutaki kumshtaki mtu. Alama hazisubiri, wewe unaweza kusubiri. Ukitaka mtu wa kuongea naye tu, yupo mshauri, na unayomwambia hayatoki mpaka utake, isipokuwa aone uhai wa mtu uko hatarini. Ukiogopa bwenini, unaweza kuhamishwa. Mkiwa darasa moja, wanaweza kuwatenganisha, na wa kuhama si lazima awe wewe."

"Na nikitaka kumshtaki?"

"Kuna kamati ya chuo. Kuna polisi, wana dawati la wanawake, usiende kaunta ya mbele, nitakuonyesha mlango. Na kuna mwenyekiti wa barangay yako, mtaani kwenu, anaweza kukupa hati ya kumkataza huyo mtu asikusogelee, siku hiyo hiyo. Unaweza kuchukua njia moja, unaweza kuchukua zote, unaweza usichukue hata moja. Ukibadilisha mawazo, mimi niko hapa kila siku isipokuwa Jumapili. Na popote utakapokwenda, una haki ya kwenda na mtu."

"Wewe utakuja?"

"Nikishamaliza ghorofa ya pili."

Akamaliza ghorofa ya pili, wakaenda. Alianza na hospitali. Kisha akahama bweni. Wiki tatu zikapita, na siku moja, kwa hiari yake, bila kusukumwa na mtu, akaandika malalamiko akayapeleka kwenye Kamati ya Nidhamu. Kumbukeni hapo: mtoto aliyeshindwa kuandika maneno mawili mlangoni aliandika kurasa nne.

Na Kamati ilimjibu nini? Kikao ni Jumatatu hii, saa nane mchana. Lakini barua ya kumwita imeshatangulia kusema kwamba kijana anakana, na kwamba, nawasomea kama ilivyo, kwa ruhusa yake, "daftari la ofisi linaonyesha mlalamikaji alifika mara kadhaa kwa ajili ya cheti cha tabia njema, na halionyeshi lalamiko lolote."

Haya! Tumemkalisha mtoto mbele ya wachezaji wa kikapu tukamwambia aandike aibu ya mtu mwingine kwa mkono wake mwenyewe. Akaficha, kama ambavyo mimi ningeficha, kama ambavyo wewe Mheshimiwa ungeficha. Sasa tunachukua kule kujificha kwake na kukufanya shahidi wa yule aliyemwumiza. Hivi ninyi mnaichukuliaje kazi hii? Tumejenga ukuta, tumepaka rangi, tumeweka kiyoyozi na mlango wa kufungwa, halafu tumechukua kitu kimoja kilichowafukuza watoto kote tulikotoka, tukakibeba kwa mikono miwili, taratibu kisivunjike, tukakiweka mbele ya mlango mpya!

Binti mshereheshaji ananionyesha kadi ya dakika moja. Mwanangu, kadi hiyo umenionyesha mara tatu. Iweke mapajani upumzike, nakaribia.

Siombi mengi. Naomba daftari lile liondoke mlangoni leo, kabla hatujagusa chakula. Rogel atabaki, maana wasichana wanataka mlinzi, hawataki karani wa pili. Jana nilipomwambia, alinijibu, "Kaka Tanis, mkubwa akisema toa, nalitoa kwa mbio." Mkubwa ameketi pale, Rogel anamtazama. Naomba asiwepo tena mtu humu ndani atakayewaandikia barua wawili waje kupeana mikono. Naomba Ludivina apewe kiti, kiti kabisa, na awafundishe wale ambao alikula chakula chao. Na Jumatatu, wajumbe wa Kamati, msiniletee daftari lile kama ushahidi kwamba hakuna kilichotokea.

Programu inasema kwamba mwishoni nimkabidhi Mheshimiwa Mkuu funguo. Nakabidhi. Huu hapa ni wa mlango wa mbele. Mlango wa nyuma, ule unaotokea kwenye ngazi za maktaba, tuliuweka kwa idhini ya mhandisi ili mtu aweze kuingia kama anayekwenda kusoma. Ufunguo wake haumo kwenye bahasha, Mheshimiwa, usiutafute. Nimempa Dada Ludivina asubuhi, na mhandisi anajua.

Limebaki moja. Mkataba wangu umekwisha leo, na tiketi yangu ya basi ilikuwa ya kesho. Jana nilimpigia mke wangu Pasing kumwambia nimeahirisha.

"Umeahirisha tena? Saruji gani tena, Tanis?"

"Si saruji. Kuna kikao. Natakiwa kusema nilichokiona."

"Unatakiwa na nani?"

"Hakuna aliyeniita. Najiita."

Nikamsikia akiweka sufuria chini. Halafu akauliza, "Huyo binti, baba yake yupo?"

"Yuko mbali, kazini."

"Kama wewe."

"Kama mimi."

"Basi kaa mahali pake. Lakini Alhamisi, Tanis. Ukipita Alhamisi nawagawia majirani huyu nguruwe wa kukupokea, na sahani yako naivunja."

Kwa hiyo, wajumbe wa Kamati, Jumatatu saa nane mchana nitakuwa mlangoni penu. Najua hata ninyi mna daftari. Nitaandika Estanislao Cabujat. Penye kozi nitaandika seremala. Na penye sababu, kwa penseli yangu ya mbao ili kila atakayepita asome, nitaandika: "Nilikuwa kwenye ngazi. Niliona. Nilisikia."

Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka pancit imepoa. Ipasheni moto, lakini anzeni na meza ile. Jumatatu natoa ushahidi, Jumanne alfajiri napanda basi, na Alhamisi, tarehe ishirini, kabla jua halijazama, nitakuwa nyumbani Oras.